Jinsi ya kutafuta ruzuku ya maabara ya lugha za kigeni shuleni

Maombi mengi ya fedha za maabara ya lugha huanza na orodha ya vifaa. Mwalimu anamwomba muuzaji ankara kifani, inakuja ikiwa na kompyuta 30, hedifoni 30, meza zenye vizuizi na leseni ya programu, naye anaitangulizia kurasa mbili kuhusu umuhimu wa lugha katika dunia ya leo. Andiko linatumwa kwa kila mfadhili mwenye anwani. Majibu yakirudi hasi, shule inahitimisha kwamba fedha hakuna. Fedha zipo. Aliyekosekana ni mwanafunzi: hakuna mahali kwenye kurasa zile anapoonekana mtoto ambaye leo hawezi kusema sentensi tatu za Kifaransa mfululizo, na ambaye mwakani ataweza kwa sababu ya chumba hicho.

Namwandikia mwalimu wa lugha asiye na ofisi ya miradi nyuma yake. Ana vipindi, ana madaftari ya kusahihisha, na ana mkuu wa shule aliyemwambia, "Andika tuone." Inawezekana kabisa kupata ruzuku ukiwa katika hali hiyo, ila ufuate mpangilio, na mpangilio wenyewe hauanzi kwa muuzaji.

Hatua ya 1: Pima dakika za kuzungumza

Kabla hujafungua tovuti ya mfadhili yeyote, chukua ratiba ya shule na saa. Tuseme darasa lina wanafunzi 40 na kipindi ni cha dakika 40. Hata mwalimu akinyamaza tangu kengele hadi kengele na wanafunzi wakapokezana bila kupoteza sekunde, kila mmoja atapata dakika 1 ya kuzungumza. Na sote tunajua mwalimu hanyamazi. Anaeleza, anaandika ubaoni, anasahihisha, anaita majina. Zinazobaki ni sekunde, na nyingi kati ya hizo huenda kwa wale watano wanaonyoosha mkono kila siku.

Sasa weka maabara yenye nafasi 20. Nusu ya darasa inajirekodi na kujisikiliza, nusu nyingine inasoma na kuandika, kisha wanabadilishana. Ukitoa muda wa kukaa, kuvaa hedifoni na kufungua faili, kila mwanafunzi bado anapata dakika zipatazo 15 za kusikiliza na kusema katika kipindi hicho kimoja. Tofauti hiyo ndiyo hoja ya mradi wako. Kila kitu kingine katika andiko, kuanzia bajeti hadi ripoti ya mwisho, kinaisimamia.

Usitegemee hesabu ya kukisia. Keti nyuma ya darasa la mwenzako, naye akae nyuma ya lako, mwandike nani alizungumza lugha inayofundishwa na kwa sekunde ngapi. Fanyeni hivyo kwa vipindi kadhaa, vya madarasa tofauti. Halafu pimeni uwezo wenyewe: kila mwanafunzi apewe swali moja la kawaida, mathalani aeleze siku yake tangu asubuhi hadi jioni, arekodiwe kwa simu dakika 2 au 3. Wawili wasikilize kila rekodi wakitumia vigezo vinavyotambulika. Kwa lugha nyingi vigezo vya Baraza la Ulaya vilivyochapishwa mwaka 2001, vyenye ngazi za A1 hadi C2, vinatosha na havilipiwi. Wanafunzi wengi wa shule watakuwa A1 au chini yake. Usione aibu kuandika hivyo. Mfadhili anahitaji kuona mnapoanzia.

Kazi hii haina gharama, na hapo ndipo maandiko mengi yanapoachwa nyuma, kwa kuwa washindani wako wengi hawataifanya.

Kuna sababu ya kihistoria ya kuisisitiza. Mwaka 1957 Umoja wa Kisovieti ulirusha Sputnik, na mwaka uliofuata Marekani ikapitisha sheria ya NDEA, iliyotoa fedha za vifaa vya kufundishia sayansi, hisabati na lugha za kigeni. Maabara za lugha zikafunguliwa kwa maelfu. Mwaka 1963 Raymond Keating alichapisha utafiti uliowalinganisha wanafunzi wa Kifaransa wenye maabara na wasio nayo, akakuta kwamba wenye maabara hawakuwapita wenzao katika vipimo vingi. Mwishoni mwa muongo huo mradi mkubwa wa utafiti wa Pennsylvania, ulioongozwa na Philip Smith, ulifikia jibu la karibu na hilo: maabara iliyotumiwa mara mbili kwa wiki haikuleta tofauti ya kuonekana. Msomaji makini wa maombi yako huenda anazijua habari hizi. Zijue pia, kisha umwonyeshe kwamba mpango wako una ratiba ya matumizi ya kila siku, una mazoezi yanayofuata yale yanayofundishwa darasani wiki hiyo hiyo, na una mwalimu anayesikiliza rekodi na kuzijibu. Maabara zile za zamani zilikuwa na mashine nzuri. Mwanafunzi alirudia kanda, na mara nyingi hakuna aliyemsikia.

Hatua ya 2: Amua maabara ya ukubwa gani

Hapa usikae sana. Kama shule ina chumba cha kompyuta, huenda unachohitaji ni hedifoni zenye maikrofoni, programu ya mwalimu ya kusikiliza na kurekodi, na saa za chumba kwenye ratiba. Kama haina, tableti zinazohifadhiwa na kuchajiwa ndani ya kabati la magurudumu zinaweza kuzunguka madarasani. Mtandao ukiwa wa kusuasua, seva ndogo ya ndani inaweza kubeba sauti na mazoezi yote bila intaneti; Kolibri, kwa mfano, ni mfumo wa bure uliotengenezwa kwa ajili ya shule zisizo na intaneti. Kwa kurekodi na kukata sauti, programu ya Audacity ni ya bure na imedumu zaidi ya miaka 20.

Jambo moja husahaulika: kelele. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilipendekeza kelele za nyuma darasani zisizidi desibeli 35. Chumba kilicho kando ya barabara au chini ya paa la bati kitaharibu rekodi zote hata ununue maikrofoni gani. Pazia nzito, zulia na mbao laini za ukutani ni vitu vya bei ndogo kuliko kompyuta moja, na mfadhili akiviona kwenye bajeti anajua kwamba aliyeandika amewahi kusimama ndani ya chumba hicho.

Hatua ya 3: Ligawe hitaji mafungu manne, kisha litafutie kila fungu mfadhili wake

Ni nadra mfadhili mmoja kulipia maabara nzima. Ni rahisi zaidi kulivunja hitaji: vifaa, watu, yaani mafunzo ya walimu na fundi, maudhui, yaani vitabu, sauti na leseni, na muunganisho, yaani intaneti na nyaya. Kila fungu lina watu wake.

Watu na maudhui, anza na taasisi za utamaduni za nchi ambayo lugha yake unaifundisha. Ujerumani ina mtandao wa shule uitwao PASCH, ulioanzishwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo mwaka 2008, wenye shule zipatazo 2,000 duniani. Goethe-Institut, taasisi ya utamaduni ya Ujerumani, hushughulikia baadhi ya zile zilizo ndani ya mifumo ya elimu ya nchi zao, ikiwapa walimu mafunzo na wanafunzi nafasi za kozi. Kwa Kijapani kuna Japan Foundation, iliyoundwa mwaka 1972, yenye programu za kusaidia taasisi zinazofundisha lugha hiyo. Kwa Kifaransa gonga milango miwili: Alliance Française iliyo karibu, na kitengo cha ushirikiano na utamaduni cha ubalozi wa Ufaransa. Kihispania kina Instituto Cervantes, iliyoanzishwa mwaka 1991. Usiende kwao na bili ya kompyuta. Waombe mafunzo ya walimu, vitabu, mitihani, wataalamu wa kuwatembelea. Wakikubali hata jambo dogo, omba barua inayosema hivyo, maana barua hiyo ina uzito mkubwa kwa mfadhili wa vifaa: inaonyesha kwamba chumba hakitakosa cha kufundishia.

Vifaa, angalia ruzuku ndogo za balozi. Japani ina mpango wa misaada ya ngazi ya jamii, maarufu kwa jina la Kusanone, ulioanza mwaka 1989. Hutolewa na balozi zake katika nchi zinazoendelea kwa asasi zisizo za faida, mamlaka za mitaa, shule na hospitali, na huelekea zaidi kwenye majengo na vifaa. Gharama za uendeshaji huachiwa mwombaji. Kanada nayo ina mfuko wa miradi midogo ya wenyeji, CFLI, wenye vipaumbele vyake, na lugha za kigeni kwa kawaida si mojawapo. Mradi wako uende huko pale tu unapogusa vipaumbele hivyo kweli, labda kwa kuwa unawalenga wasichana waliokatizwa masomo. Usilazimishe. Ofisa anayesoma mamia ya maombi anautambua mradi uliovishwa nguo isiyo yake.

Rotary Foundation ni mlango mzuri usiogongwa vya kutosha. Ruzuku zake za kimataifa zinahitaji bajeti isiyopungua dola 30,000 za Marekani, klabu moja ya nchi mradi ulipo na nyingine ya nchi tofauti, pamoja na tathmini ya mahitaji ya jamii iliyofanywa mapema. Elimu ya msingi na kusoma na kuandika ni mojawapo ya maeneo yake. Shule haiombi yenyewe. Klabu ndiyo inayoomba. Kwa hiyo hatua yako ya kwanza ni kuhudhuria mkutano wa klabu ya karibu, kueleza hitaji, na kusikiliza. Mahusiano haya huchukua miezi. Kama unachohitaji ni kidogo, waulize kuhusu ruzuku za wilaya ya Rotary.

Shule zilizoko Ulaya zina Erasmus+, programu ya elimu ya Umoja wa Ulaya. Kuanzia mwaka 2021 programu hiyo ina ushirikiano wa miradi midogo, unaolipwa kwa kiasi kilichopangwa cha euro 30,000 au 60,000. Haikubuniwa kununulia vifaa, lakini inalipia kile kinachoipa maabara uhai: shule mbili za nchi tofauti zinazozungumza zenyewe kwa zenyewe.

Kwa shule za Marekani, muunganisho una E-Rate, mpango uliotokana na sheria ya mawasiliano ya mwaka 1996, unaopunguza bei ya intaneti kwa asilimia 20 hadi 90 kulingana na kiwango cha umaskini wa wanafunzi na kama shule iko mjini au vijijini. Sehemu ya IV-A ya ESSA, sheria ya elimu ya nchi hiyo ya mwaka 2015, inaruhusu wilaya kulipia matumizi ya teknolojia, ila katika fungu hilo la teknolojia isizidi asilimia 15 kwenye miundombinu. Soma tena sharti hilo. Serikali yenyewe inasema kwa tarakimu kwamba fedha ziende zaidi kwa walimu na ufundishaji kuliko kwa masanduku. Wilaya zenye watoto wa wanajeshi zinaweza pia kuangalia ruzuku za DoDEA, idara ya elimu ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ambazo zimewahi kugharimia lugha za kigeni. Na ukikutana na orodha inayokuelekeza FLAP, ujue ni ya zamani: mpango huo wa lugha za kigeni uliondolewa kwenye bajeti ya mwaka wa fedha 2012. Kwa kila jina utakalopewa na mtu yeyote, nami nikiwemo, nenda kwenye tovuti ya mfadhili mwenyewe uhakikishe wito upo wazi mwaka huu.

Kampuni na waliosoma shuleni hapo tusiwapuuze. Kampuni zenye wateja au wafanyakazi wa lugha hiyo, hoteli, mashirika ya ndege na vituo vya huduma kwa simu, zina sababu ya kweli ya kuwataka vijana wanaoizungumza. Kwao barua ya ukurasa mmoja inatosha. Waliosoma hapo huchangia vizuri zaidi wakipewa kitu cha kushika: hedifoni 10, au mwaka mmoja wa leseni.

Hatua ya 4: Hakikisha shule yako inaweza kupokea fedha

Hili limezima miradi mizuri. Shule nyingi za serikali si taasisi yenye hadhi ya kisheria ya kujitegemea. Haziwezi kusaini mkataba wa ruzuku bila wizara, halmashauri au wilaya ya elimu. Wafadhili wengine hutoa kwa asasi zilizosajiliwa pekee. Uliza mapema: nani atasaini, fedha zitaingia akaunti gani, nani mhasibu, nani atakagua hesabu. Kama shule haiwezi, tafuta asasi yenye usajili na hesabu zilizokaguliwa iwe mpokeaji kwa niaba yenu, na muandikiane hati ya makubaliano inayosema vifaa ni mali ya nani siku mradi ukiisha.

Usajili kwenye mifumo ya mtandaoni nao huchukua muda. Anayeomba fedha za serikali kuu ya Marekani, kwa mfano, lazima kwanza taasisi yake isajiliwe SAM.gov na kupata namba ya utambulisho, na jambo hilo linaweza kula wiki nyingi. Lifanye kabla wito haujatoka.

Hatua ya 5: Zungumza na ofisa kabla ya kuandika

Karibu kila wito una jina la ofisi au anwani ya maswali. Itumie. Andika barua pepe fupi: shule ni ipi, tatizo ni lipi kwa takwimu mbili zile ulizopima, unakusudia kuomba kiasi gani na kwa ajili ya nini. Maliza kwa maswali yanayojibika: je, mradi wa namna hii uko ndani ya vipaumbele vya mwaka huu? Je, vifaa vinaruhusiwa, na kwa kiwango gani? Je, mafunzo ya walimu yanahesabiwa?

Ofisa akikujibu "hapana", amekuokolea mwezi wa kazi. Akijibu "ndiyo, lakini," basi yaliyofuata baada ya lakini ndiyo muhtasari wa andiko lako.

Hatua ya 6: Andika

Sehemu inayobeba andiko ni ile ya hitaji, kwa hiyo nitakaa hapo. Hii ndiyo aya ninayokutana nayo mara nyingi:

"Shule yetu inakabiliwa na changamoto ya ukosefu wa maabara ya kisasa ya lugha, jambo linalosababisha ufaulu duni na kuwanyima wanafunzi fursa katika ulimwengu wa utandawazi."

Hakuna uongo ndani yake, lakini pia hakuna shule ndani yake. Ingeweza kuandikwa na yeyote. Sasa linganisha na hii, ya shule ya mfano:

"Wanafunzi 160 wa mwaka wa pili na wa tatu husoma Kifaransa vipindi 4 kwa wiki. Tulipopima muda katika vipindi 6, mwanafunzi wa kawaida alizungumza Kifaransa kwa sekunde 25 kwa kipindi. Katika jaribio la mdomo la dakika 3, wanafunzi 9 kati ya 40 waliweza kueleza siku yao bila kusaidiwa. Tunaomba nafasi 20 za kusikiliza na kurekodi, zitakazompa kila mwanafunzi dakika 30 kwa wiki. Baada ya mwaka mmoja tutarudia jaribio hilo hilo, na tunalenga wafike 24 kati ya 40."

Aya hii inaeleza hitaji, suluhisho, lengo na namna ya kupima, yote kwa mistari michache. Vifaa vimetajwa mara moja tu. Na mfadhili anaweza kuirudia kwa kichwa mbele ya kamati, jambo ambalo ni muhimu kuliko tunavyodhani, kwa kuwa mara nyingi mtu anayekutetea ndani ya kikao hana andiko lako mkononi.

Lengo liwe la kufikika. Usiahidi kwamba wanafunzi watatoka A1 hadi B2 kwa mwaka mmoja kwa vipindi 4 vya wiki. Mwalimu wa lugha yeyote kwenye kamati atajua haiwezekani, naye ataanza kutilia shaka na bajeti.

Kisha eleza wiki moja ya kawaida ndani ya maabara: Jumatatu kidato gani, saa ngapi, zoezi gani, nani anasikiliza rekodi na anazirudisha lini. Kama ni walimu wawili tu na wanafunzi 160, semeni ukweli kwamba kila mwanafunzi atapewa maoni ya rekodi moja kila wiki mbili, nyingine zikisikilizwa na wenzake kwa vigezo mlivyowafundisha. Mpango mdogo unaowezekana humshawishi mfadhili.

Andika pia kuhusu sauti za watoto. Rekodi ya mwanafunzi ni taarifa yake binafsi. Eleza zitahifadhiwa wapi, kwa muda gani, nani anazifikia, na kwamba wazazi watasaini ridhaa. Ulaya jambo hili liko chini ya kanuni za ulinzi wa taarifa binafsi, GDPR, zilizoanza kutumika mwaka 2018, na wafadhili wa kwingine nao huuliza zaidi na zaidi. Aya moja inatosha, lakini isikosekane.

Hatua ya 7: Bajeti inayojua nini huharibika

Msomaji mzoefu huanza na bajeti kisha hurudi kwenye maelezo. Kila mstari lazima uwe na mahali ulikotajwa kwenye mpango kazi, na kila kazi kwenye mpango kazi iwe na fedha au maelezo kwamba shule itaibeba.

Kitu cha kwanza kufa katika maabara ya lugha ni hedifoni, na hufa kwenye waya, pale unapoingia kwenye jeki, kwa sababu wanafunzi huichomoa kwa kuvuta waya badala ya kushika jeki yenyewe. Kwa hiyo nunua zenye waya unaobadilishika, au ongeza nyaya fupi za kurefushia zibaki zimechomekwa kwenye kompyuta muda wote, ili kinachovutwa na kuharibika kiwe waya wa bei ndogo. Weka hedifoni za akiba na vifuniko vya masikio vya kubadilisha, maana zinavaliwa na wanafunzi kadhaa kwa siku. Haya yameandikwa kwa nadra sana kwenye bajeti, na yakiwepo yanasema mengi kuhusu mwombaji.

Cha pili ni leseni. Programu nyingi za maabara hulipiwa kwa mwaka. Ruzuku ya mwaka mmoja ikinunua leseni ya mwaka mmoja, mwaka wa pili chumba kinafungwa. Ama omba leseni ya miaka mitatu ilipwe kwa mkupuo, ama tumia programu huria, ama onyesha barua ya bodi ya shule inayokubali kuilipia kuanzia mwaka wa pili, ikitaja kiasi.

Mafunzo ya walimu yasiwe ya siku moja ya muuzaji akionyesha vitufe. Panga mafunzo mafupi mwanzoni, na mengine baada ya miezi mitatu, walimu wakiwa wameshakwama kwenye mambo halisi. Kwa maoni yangu bajeti ya maabara ambayo chini ya robo yake inakwenda kwa watu haijakamilika. Weka umeme: vilinda umeme, na betri ya dharura angalau kwa seva. Weka bima au kufuli. Weka fundi.

Mchango wa shule uhesabiwe kwa thamani yake: chumba, saa za walimu, meza zilizopo, umeme. Wafadhili wengi hudai mchango huo, na hata wasiodai huupenda. Usizidishe thamani; andika ulivyoipata. Bei za vifaa ziwe na ankara kifani tatu kutoka kwa wauzaji tofauti, zenye tarehe za karibuni, na usikubali muuzaji akuandikie andiko zima. Atakuuzia alicho nacho bohari.

Hatua ya 8: Tuma

Mpe mwalimu wa somo jingine asome. Akishindwa kukuambia kwa sentensi mbili mnaomba nini na kwa nini, rudi ulipoanza. Kagua masharti ya kurasa, ukubwa wa faili, saini na muhuri. Tuma siku kadhaa kabla ya tarehe ya mwisho. Mifumo ya mtandaoni huelemewa siku ya mwisho, na saa ya mwisho iliyoandikwa huenda ni ya ukanda mwingine wa saa.

Hatua ya 9: Jibu likija

Likiwa ni hapana, andika ndani ya wiki moja kushukuru na kuomba maoni ya wasomaji. Wafadhili wa umma mara nyingi huyatoa, pamoja na alama. Yasome na wenzako mkiwa mmetulia, rekebisheni, na muulize kama mnaruhusiwa kuomba tena kwenye duru ijayo. Takwimu zenu za dakika na za jaribio la mdomo bado ni mali yenu. Zitumieni kwa mfadhili mwingine wakati mnasubiri.

Likiwa ni ndiyo, soma mkataba wote kabla ya kusaini, hasa vifungu vya manunuzi na vya kubadilisha bajeti. Fungua daftari la mali siku vifaa vinapofika, kila kimoja na namba yake. Fungua pia daftari la matumizi mlangoni: tarehe, darasa, mwalimu, muda, kilichoharibika. Mwalimu wa zamu alijaze kila kipindi, kwani ripoti ya miezi sita itaandikwa kutoka humo. Panga tarehe ya kurudia jaribio la mdomo, kwa swali lile lile na vigezo vile vile, na uiweke kwenye ratiba ya shule sasa hivi, kabla mitihani ya mwisho wa mwaka haijaimeza. Matokeo yakiwa chini ya lengo, mwandikie mfadhili mapema ukieleza mnachobadilisha. Omba ruhusa kabla ya kuhamisha fedha kutoka mstari mmoja kwenda mwingine, hata kama ni kidogo, na hifadhi risiti zote mahali pawili.